Maji ya Kisima cha Bethlehemu

Somo: 2 Samweli 23:13–17

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Somo letu la wiki hii ni aya tano tu, na kwa miaka mingi nilikuwa nazipita bila kusimama. Daudi yuko ngomeni, upande wa pango la Adulamu, wakati wa mavuno. Wafilisti wamepiga kambi bondeni na kikosi chao kimekaa Bethlehemu, mji aliozaliwa. Kiu inamshika. Hatoi amri yoyote; anatamani tu kwa sauti, laiti angepata maji ya kile kisima cha karibu na lango. Mashujaa watatu wanamsikia. Wanapenya katikati ya adui, wanachota, wanarudi nayo. Daudi anapoletewa, yanamshinda kunywa. Anayamimina mbele za Bwana, kwa maana ndani yake ameona damu ya watu waliokwenda kwa kuhatarisha maisha yao.

Zamani nilikuwa nikimshangaa. Watu wamehangaika kiasi kile, halafu unamwaga? Nilikuja kumwelewa wakati wa korona.

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia. Kwenda kununua mahitaji, kazi ambayo hakuna aliyekuwa akiihesabu, ikageuka safari ya kuombewa kabla mlango haujafunguliwa. Nyumbani kwetu tulikaa tukakubaliana nani awe anatoka. Mwenye pumu hapana, wazee hapana, wa kutoka nikasalia mimi. Barakoa usoni, chupa ya kitakasa mikono mfukoni, orodha imepangwa kwa kufuata rafu ili nisizungukezunguke mle ndani. Kwenye foleni watu tulikuwa tunaogopana. Nikirudi, viatu vinabaki nje, nguo zinaingia moja kwa moja kwenye beseni la sabuni, na watoto wamekatazwa kunikimbilia mpaka nioge. Hilo la watoto lilikuwa gumu kuliko yote.

Pamoja na mahitaji yetu nilikuwa nabeba ya jirani, mama mtu mzima anayeishi peke yake. Alikuwa akiipitisha orodha yake chini ya mlango. Mimi namwekea mfuko kizingitini, nagonga, narudi nyuma hatua kadhaa, ndipo anafungua dirisha tusalimiane. Siku moja nilikuwa nimeshaigeuka njia niende, akaniita.

“Mwanangu, hicho cha tatu kifute.”

Nikamwambia si shida mama, nitakipata, labda niingie duka la pili tu.

“Ndiyo maana nasema kifute. Hiyo ni hamu yangu tu. Haistahili wewe uingie mlango wa pili.”

Nilisimama pale na karatasi mkononi. Mwanamke huyu alikuwa amefungiwa na ugonjwa wiki nyingi, starehe zake zimepungua mpaka kubaki kitu kimoja kwenye orodha, naye amekimimina mbele za Bwana ili mtu mwingine apunguziwe mlango mmoja wa hatari. Jioni hiyo nilifungua 2 Samweli nikaisoma tena, na tangu hapo sijamwona Daudi kuwa mkorofi.

Wapendwa, naomba tukae hapa kidogo. Tuliambiwa tukae nyumbani, na wengi wetu tulikaa. Lakini tuliweza kukaa kwa sababu kuna watu ambao hawakukaa: waliosimama kaunta siku nzima, waliopanga rafu usiku, waliozoa taka zetu, madereva, waliopiga deki wodi ambazo sisi tuliogopa hata kupita nje yake. Wengi wao hawakuchagua ushujaa. Walihitaji mshahara. Na hapo ndipo kumwaga maji kwa Daudi kunaponiuma, kwa kuwa yeye aliuona uhai wa watu ndani ya maji, wakati mimi nilikuwa nafungua mfuko naona bidhaa.

Tena nina neno la kukiri. Katika majuma yale ya mwanzo nilitoka siku moja nikiwa na kikohozi. Nilijiambia ni vumbi. Nilijiambia pia kwamba Mungu atanilinda, na nilisema hivyo kwa imani ya kweli. Sikujiuliza ni nani atamlinda kijana wa kaunta ambaye nilimkoholea ndani ya barakoa yangu mara tatu wakati anahesabu vitu vyangu. Sikuwahi kujua kama aliugua au hakuugua. Nimetubu, na bado uso wake naukumbuka.

Kuna waamini waliofundisha kwamba tahadhari ni upungufu wa imani. Nasema kwa upole lakini nasema: hapana. Martin Luther, tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, alikataa kukimbia, akabaki na wagonjwa. Mtu huyohuyo aliandika kwamba atafukiza nyumba, atatumia dawa, na atajiepusha na mahali asipohitajika, asije akawa yeye ndiye chanzo cha kifo cha mwenzake. Kwake kuhudumia na kujihadhari vilitoka katika moyo mmoja.

Mfano ninaourudia zaidi ni ule wa kijiji cha Eyam, huko Derbyshire, Uingereza. Inasimuliwa kwamba mwaka 1665 robota la vitambaa lilifika kwa mshonaji wa kijiji likitokea London, na viroboto vya tauni ndani yake. Mwaka uliofuata mchungaji William Mompesson, akisaidiana na mchungaji aliyemtangulia, Thomas Stanley, aliwasihi wanakijiji wasitoke, ili ugonjwa usivuke kwenda vijiji vingine. Wakakubali. Ibada wakahamishia nje, bondeni, wakasimama kwa kuachana. Na mahitaji? Mpakani palikuwa na jiwe lenye matundu. Wanakijiji waliweka sarafu ndani ya matundu yale yaliyojazwa siki, kwa kuamini kwamba siki inasafisha, na watu wa vijiji vya jirani walikuja kuziokota na kuacha chakula hapo. Watu wapatao 260 walikufa Eyam. Mke wa mchungaji, Catherine, alikuwa mmoja wao, Agosti 1666.

Huwa nawafikiria zaidi wale wa upande wa pili wa jiwe. Historia haijatuhifadhia majina ya wengi wao. Walibeba mizigo mpaka mpakani, wakaiweka chini, wakarudi nyumbani na sarafu zinazonuka siki. Kila nilipoweka mfuko kwenye kizingiti cha yule mama na kurudi nyuma, nilikuwa nafanya kazi yao.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana huko nako kulikuwa na huduma. Kunawa mikono, kwa mfano. Kirusi cha korona kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huupasua utando huo kama inavyoondoa mafuta kwenye sahani; kwa hiyo sabuni ya kawaida kabisa inatosha, mradi usugue kwa sekunde 20. Baba Yetu ikisemwa bila haraka inazijaza sekunde hizo. Tuliizoea nyumbani, mmoja anaanzisha, mwingine anapokea akisubiri zamu ya bomba. Mdogo wetu hadi leo akifika kwenye “utuokoe na yule mwovu” anafunga maji.

Tulifuta pia kila pakiti iliyoingia. Baadaye wanasayansi walieleza kwamba ugonjwa ule unasambaa zaidi kwa pumzi, hasa ndani ya vyumba visivyopitisha hewa, na kwamba kushika vitu ni hatari ndogo sana. Wapo waliojiona wajinga kwa saa zote zile za kufuta. Mimi sioni hivyo. Ulifuta kwa kuwa unawapenda waliomo ndani, kwa kadiri ya ulichokijua. Ulipojua zaidi, upendo uleule ukaenda kufungua madirisha.

Ila kuna jambo tusilipambe. Shule zilipofungwa na kila mtu akawa nyumbani, vyombo viliongezeka, nguo ziliongezeka, sakafu ilichafuka mara tatu kwa siku, na katika nyumba nyingi mzigo huo ulimwangukia mtu mmoja, mara nyingi mama au binti. Kisha Jumapili, kwenye mahubiri ya simu, akasikia tena kwamba awe kama Mariamu, asiwe kama Martha. Nina shaka na mahubiri hayo. Katika Luka 10 Yesu anagusa fadhaa ya Martha na mahangaiko yake mengi. Halafu fungua Yohana 11: nyumba ile ya Bethania ni nyumba iliyopata mgonjwa, dada wawili wanauguza kaka yao, wanatuma ujumbe kwa mwenye kuponya, naye hafiki kwa wakati walioutaka. Fungua Yohana 12:2: Lazaro amefufuka, yuko mezani, na Martha anatumikia. Safari hii hakuna anayemwambia neno. Natamani siku moja tuhubiriwe aya hiyo. Na natamani waliokuwa wamekaa mezani wainuke waoshe vyombo, kwa kuwa Bwana wetu mwenyewe alijifunga kitambaa, akatia maji katika beseni.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ile imekwisha. Kwa waliozika, na kwa wanaoishi hadi sasa na mapafu yasiyorudi kama zamani, tangazo halikubadilisha mengi. Katika maombi ya wiki hii tuwataje hao. Tuwataje pia wale wa kaunta, wa taka, wa wodi. Ukimfahamu hata mmoja kwa jina, mtaje kwa jina, na ikiwezekana mwambie kwamba umemwombea.

Yule mama yupo, ni mzima, na sasa anatoka mwenyewe. Juzi alisikia kikohozi changu kupitia ukutani. Akaja akagonga, akarudi nyuma hatua kadhaa kama nilivyokuwa nikifanya mimi, akanitaka niseme aniletee nini. Nilimtajia vitu vinne. Alipokuwa anageuka kuondoka nikamwita, nikamwambia kile cha nne akifute.