Mashetani niliwakosa Gede, nikawapata ukumbini kwa Shangazi

Kila niliyemwambia nataka kupiga filamu fupi ya kutisha alinijibu, "Nenda magofuni." Hakuna hata mmoja aliyewahi kushika kamera, lakini ushauri walikuwa nao wa kumwaga.

Nikawasikiliza, mjinga mimi. Kutoka kwetu Malindi hadi Gede si mbali: mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17, kuta za matumbawe zimemezwa na msitu, na kaburi moja lina tarehe ya Hijria 802, yaani 1399. Tangu utotoni tunaambiwa pale pana wenyewe. Nikaona kazi imekwisha, kwangu kubonyeza simu tu.

Mpwa wangu nikamvisha kanzu nyeupe awe mzuka. Kwanza, jua lilikuwa la saa sita. Pili, kima. Mmoja aliteremka akampokonya mzuka andazi lake mkononi, na kuanzia hapo kila picha ina kima ukutani anamtazama mzuka, na mzuka anacheka. Nyumbani nikaitia giza kwenye programu, ikawa tangazo la utalii lililopigwa jioni. Nauli, kiingilio na chakula, elfu tatu na ushei zimekwenda.

Kosa halikuwa la kima. Mtu akiona gofu anajiandaa. Anajua shetani yuko njiani. Tena hakuna anayelala pale. Akishaogopa anazima, anarudi kwake.

Nikaitazama upya The Shining, filamu ya kutisha ya Stanley Kubrick ya 1980, mambo yake yote hotelini. Hoteli ile kwa ndani ilijengwa studio huko Elstree, Uingereza; jengo la kweli la Oregon limetoa sura ya nje tu. Na ndani taa zinawaka! Mtoto anaendesha baiskeli ya magurudumu matatu, kamera inamfuata chini chini. Kwenye sakafu tupu magurudumu yananguruma, kwenye zulia yananyamaza. Yananguruma, yananyamaza. Hakijatokea kitu na wewe umeshakunja vidole vya miguu.

Zulia sina. Mikeka ipo.

Nyumba ya Shangazi ni ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, mwisho mlango wa uani, na choo kiko uani. Nikatandika mikeka mitatu juu ya saruji kwa kuiachanisha. Mdogo wake yule mzuka akakokota kigari cha makopo. Krrrr. Kimya. Krrrr. Kimya. Krrrr. Mkeka wa tatu uko mlangoni pa uani. Mtoto anapita, anatoka, kimya... na krrrr hairudi. Kamera imebaki palepale: ukumbi mtupu, taa inawaka, mlango uko wazi kiasi cha shubiri. Nikauacha hivyo sekunde kumi na moja. Mzuka sikuutia kabisa.

Ili kamera iwe chini nilikaa juu ya gunia, mzuka mstaafu akinisukuma mgongoni. Mara ya nne suruali ilichanika, nikamalizia kazi na kanga ya Shangazi kiunoni. Sauti ya kigari niliirekodi tena peke yake, simu ikiwa karibu na magurudumu, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa feni tupu. Friji pia izime, ila ukumbuke kuiwasha. Samaki wa Shangazi waliniponza.

Tukaionyesha uani, kwenye shuka, majirani wamejaa. Ilipofika ile kimya ya mwisho, mama mmoja huko nyuma akapiga kelele, "Mwiteni huyo mtoto!" Sijawahi kusifiwa vile.

Shangazi ameishi nyumba ile miaka thelathini, na choo ni kilekile. Usiku huohuo akanigongea. "Baba, amka unisindikize uani. Na mikeka yako nimeikunja, siitaki ukumbini."

Mpaka leo namsindikiza. Tochi nashika mimi, ila anayetangulia ni yeye.