Land Rover ya jeshi: namba mbili, gari moja

Jumamosi. Nilipanga kumaliza bodi ya nyuma leo, nikaishia kukaa kwenye ndoo nikitazama tarakimu. Nilikuwa napiga msasa wa maji pembeni ya taa ya kushoto. Kijani kilichofifia kikatoka, chini yake kikaonekana kijani kilichokolea cha zamani, na katikati ya rangi hizo mbili weupe ukachungulia: 4, 7, halafu G. Zilizofuata nilikuwa nimeshazila kwa msasa kabla sijashtuka.

"Hii namba ya nani tena, shemeji?"

Ya mwenye gari wa kwanza, shemeji. Jeshi la Uingereza.

Kuanzia 1949, na bado enzi za hili langu, magari yao yalipewa tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili. Likishauzwa kwa raia, namba ile haitumiki tena barabarani. Mnunuzi anaanza kuomba ya kiraia. Hili langu ni Lightweight, Series III, lile ambalo milango na paa vinavuliwa ili helikopta iweze kulining'iniza. Uzuri wa sura hawakuuwaza kabisa.

Jumatano. Fomu ya kuomba namba ya kiraia hapa Uingereza, V55/5, imerudi. Kosa ni langu: niliandika 1974 kwa sababu muuzaji alisema hivyo, na mimi nikameza. Kibati cha alumini ndani ya gari kina namba ya chesisi, nikakifuta grisi na kuinakili, kisha nikaitumia kuomba nakala ya kadi ya gari iliyotunzwa tangu enzi za jeshi. Kadi inasema Oktoba 1975. Herufi ya mwisho ya namba inafuata umri wa gari, kwa hiyo yangu itaishia na P, herufi ya Agosti 1975 hadi Julai 1976, wala siyo N niliyokuwa nimeshaanza kuizoea.

Baada ya wiki tatu. Namba imetoka! Nimeagiza kibao cheusi chenye herufi za fedha. Kinaruhusiwa kwa gari lililotengenezwa kabla ya 1 Januari 1980 na kusajiliwa kama gari la kihistoria. Kodi ya barabara ni sifuri, ila msamaha huo lazima uuombe.

Ubishi uliobaki ni ile 47 G. Shemeji anataka ibaki pale pale nyuma, wazi. Mimi sitaki namba mbili zitazame kamera moja. Nimeichora kwenye karatasi ya kuokea, nikatia herufi na tarakimu zilizopotea kutoka kwenye kadi, na nitaipiga kwa stensili upande wa ndani wa mlango wa nyuma. Ukiufungua kushusha mizigo, unaiona.

Kesho natoboa matundu ya kufungia kibao. Bodi ni alumini, na skrubu ya chuma ikiigusa moja kwa moja huila taratibu, kwa hiyo nimenunua washa za plastiki. Nane. Shemeji ameshapoteza mbili.