Pesa ya Seyyid Barghash

Pesa ya shaba ya Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, ina mizani upande mmoja. Bibi aliniachia moja, na kuipiga picha kumenitoa jasho. Flashi iligeuza maandishi ya Kiarabu kuwa doa jeupe tu. Sasa naiweka juu ya kitambaa cheusi, dirishani kwetu Michenzani, asubuhi kabla jua halijaingia ndani. Simu nailaza juu ya vikombe viwili vya kahawa, lenzi ikichungulia katikati. Mwanga wa ubavuni ndio unaoinua ile mizani.

Shangazi kaniambia niisugue kwa ndimu na jivu, ing'are kama sinia la harusi.

"La, shangazi! Weusi huo ndio umri wake."

Kaguna. Tangu siku hiyo naificha koponi, chini ya karafuu.