"Leo tunakula nini?" Swali hili sasa nalijibu usiku wa kuamkia

Kupika kwenyewe hakunichoshi. Nipe kitunguu, kisu na jiko linalowaka, nitaendelea vizuri tu hata kama nimeshinda kazini kutwa nzima. Kilichokuwa kinanimaliza ni lile swali linalotangulia kupika: leo tunakula nini? Ukilijibu leo, kesho linarudi vilevile. Na kwetu lilikuwa linakuja saa 12 jioni, watoto wana njaa, mimi ndiyo kwanza naweka mkoba chini.

Nilipokaa nikalitafakari, niliona kwamba kiini cha shida ni ile saa. Ikifika saa 12 jioni, majibu mengi yameshafungwa. Maharage makavu hayakulowekwa, basi hayawezekani. Nyama imo kwenye friza, imeganda kama jiwe. Mboga za majani zipo, ila hazijachambuliwa wala kuoshwa. Vinavyobaki ni vitu viwili vitatu vya haraka, vilevile vya jana na juzi, na kila mtu anayefungua friji anaifunga tena bila kutoa kitu. Ukimuuliza mtu mwenye njaa saa hiyo anataka nini, atakujibu "chochote", na chakula kikishapakuliwa ndipo utakapojua kwamba hicho alikuwa hakitaki.

Kwa hiyo uamuzi nimeuhamisha. Chakula cha kesho jioni tunakiamua leo usiku, baada ya kula, vyombo vikiwa bado vinaoshwa. Saa hiyo tumbo limejaa, hakuna anayelia njaa, na friji naiona vizuri kwa sababu narudisha vilivyobaki. Naandika neno moja au mawili kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji: "dengu na wali", "samaki", "mayai na viazi". Sihitaji zaidi ya hapo.

Faida ya kwanza niliyoiona ni kwamba ule usiku wenyewe unafanya kazi. Chukua maharage. Nayachambua mezani, natoa mawe na punje zilizooza, nayaweka kwenye bakuli kubwa na kumimina maji mpaka yazidi kimo cha maharage karibu mara mbili, maana yatavimba. Asubuhi yameshiba maji, ganda limenyooka, ukiminya punje kwa kucha inapasuka katikati. Yale maji namwaga, siyapikii. Maharage mekundu hasa yana aina ya lektini, yaani protini ya asili iliyomo kwenye punje, ambayo, yakiliwa mabichi au yakiwa hayajaiva sawasawa, humfanya mtu atapike na kuharisha ndani ya saa chache. Kuloweka saa 5 au zaidi, kumwaga maji na kuchemsha kwa maji mapya yanayotokota kwa nguvu ndiko kunakoiondoa hatari hiyo. Mimi huyaacha yatokote kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kupunguza moto. Kuyaweka tangu mwanzo kwenye moto hafifu ambao haufikii kuchemka hakusaidii, na kunaweza kuizidisha ile sumu badala ya kuipunguza. Sasa niambie, nani ataanza safari hiyo saa 12 jioni?

Nyama nayo ni hivyo hivyo. Ninayoihitaji kesho naitoa kwenye friza usiku, naiweka ndani ya sahani yenye kina, rafu ya chini kabisa ya friji, ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Vipande vidogo vinakuwa tayari kesho yake. Kuku mzima anataka karibu saa 24 kwa kila kilo 2, kwa hiyo huyo namfikiria mapema zaidi. Siiachi iyeyukie juu ya meza, kwa sababu nje hupata joto na vijidudu huzaliana wakati katikati bado ni barafu.

Halafu nikabadilisha swali lenyewe. Zamani nilikuwa naanza na "tunataka kula nini?" Siku hizi naanza na "nini kitaharibika kwanza?" Swali hili lina jibu kila usiku, na jibu lipo mbele ya macho. Samaki mbichi na nyama ya kusaga havizidi siku 1 au 2 kwenye friji, vikipita hapo viende friza. Mboga za majani zinafuata, halafu nyanya zilizoanza kulainika. Kabichi, karoti, viazi na vitunguu vina subira, naviweka akiba ya siku za mwisho kabla ya kwenda tena sokoni. Nikishajua kinachotangulia kuharibika, nusu ya chakula imeshajichagua, na kazi yangu ni kukitafutia mwenzake.

Jambo hili nalijali sana, na si kwa sababu ya mfuko wangu peke yake. Ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05, na asilimia 60 ya hicho kilitupwa majumbani. Nyumbani kwa watu kama mimi na wewe, wala si hotelini au dukani. Kila fungu la mboga ninalolikuta limeoza nyuma ya friji lilinunuliwa kwa nia njema na mtu ambaye hakuliamulia siku ya kupikwa.

Wengi watakushauri uandike ratiba ya mwezi mzima, kila siku na mlo wake. Wanaoweza nawapongeza. Mimi naona ratiba ya namna hiyo haimjui mtoto atakayeumwa Jumatano, wala nyanya zitakazoiva zote kwa pamoja. Nilichofanya ni kuipa kila siku jamii yake tu. Jumatatu ni jamii ya kunde: maharage, dengu au njegere. Jumanne mayai. Jumatano samaki. Alhamisi kitu cha sufuria moja. Ijumaa nyama au kuku. Jumapili tunamaliza viporo. Ndani ya jamii niko huru kabisa. Jumatatu moja dengu zinaungwa kwa kitunguu na nyanya zinaliwa na wali, nyingine zinakuwa supu nzito yenye karoti na viazi. Siku imeshanipunguzia uwanja, na kuchagua kati ya vitu vitatu hakuumizi kichwa kama kuchagua kati ya vyote ulivyowahi kula maishani.

Hapa naomba nimtaje Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978. Alieleza kwamba katika maamuzi halisi watu hawapimi njia zote ili wapate iliyo bora kuliko zote, kwa kuwa muda na akili havitoshi. Hutafuta mpaka wapate inayokidhi, wakaishia hapo. Hilo lilinituliza mno. Mlo wa jioni nimeuwekea vigezo vyangu: uwe na kitu cha kushibisha, uwe na mboga au saladi, uwe na protini, na uive kabla watoto hawajaanza kusinzia. Mlo wa kwanza unaotimiza hayo unaandikwa kwenye karatasi, na mjadala umefungwa.

Watu wa nyumbani ndio waliohitaji busara zaidi kuliko sufuria. Watoto siwaulizi tena swali lililo wazi. Nawapa mawili: "Kesho ni mayai. Tuyakaange na viazi au tuyachemshe tule na wali na mchuzi wa nyanya?" Aliyechagua wiki hii, wiki ijayo anampisha mwenzake. Mtoto aliyechagua mwenyewe anakula kwa moyo tofauti, hata kama ni mboga ileile aliyoikataa jana.

Mama yangu mzazi anaishi nasi, ana shinikizo la damu. Kwa muda nilikuwa nampikia sufuria yake pembeni, na yeye hakupenda. "Mwanangu, mimi si mgonjwa wa kupikiwa peke yangu," aliniambia, akasogeza sahani yake katikati ya meza. Sasa tunapika sufuria moja, chumvi kidogo kwa wote, ladha inatoka kwenye kitunguu swaumu, tangawizi, ndimu na vitunguu vilivyokaangwa pole pole mpaka vikawa rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na chumvi iliyomo kwenye mkate na vyakula vya makopo. Ukiipima kwenye kiganja utashangaa ilivyo ndogo. Pilipili inakaa mezani, anayeitaka anajiwekea.

Na mume wangu? Karatasi ya mlangoni imemfaa yeye kuliko mtu yeyote. Siku anazotangulia kufika alikuwa ananipigia simu kuniuliza aanze na nini, nami niko njiani nimesongamana na watu, nashindwa hata kufikiri. Sasa anasoma, anabandika sufuria. Nikifika nakuta maharage yanatokota na kitunguu kimeshakatwa. Uamuzi uliokaa kichwani mwangu peke yangu ulikuwa unamfunga mikono kila mtu mwingine, na sikuwa nimeliona hilo kabla.

Kuhusu viporo, nina msimamo: kiporo ni chakula kamili kikitunzwa, na ni hatari kikiachwa ovyo. Maharage napika ya milo miwili au mitatu kwa mpigo, nagawa kwenye vibakuli vyenye kifuniko vinavyotosha mlo mmoja, naandika tarehe, naweka friza kabla sijayaunga. Siku nikichelewa natoa kibakuli kimoja, nakaanga kitunguu na nyanya, nayaunga, na ndani ya dakika 20 tumekaa mezani. Chakula kilichopikwa sikiachi nje zaidi ya saa 2. Kwenye friji nakipa siku 3, ikipita ya 4 sikili. Wali ndio ninaoubembeleza zaidi, kwa kuwa kuna bakteria ambao mbegu zao huvumilia kuchemshwa, na wali ukikaa uvuguvugu kwa muda mrefu wanaamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Nautandaza kwenye sinia upoe upesi, halafu naufunika na kuuingiza kwenye friji. Kesho yake naupasha mpaka utoe mvuke wote, chini mpaka juu, mara moja tu.

Na kuna siku mpango wote unaanguka: umeme umekatika, mgeni amekuja bila taarifa, au mimi mwenyewe sina nguvu. Kwa siku hizo nina mlo mmoja ambao vitu vyake havikosekani ndani kamwe: tambi kavu, kopo la samaki, kitunguu, nyanya za kopo. Kimojawapo kikitumika, kinaandikwa hapo hapo kwenye orodha ya kununua, kabla hata ya kuosha sufuria. Hatuufanyii mjadala wala hatuuonei haya. Mgeni anakula, tunashukuru.

Jumamosi sikuipa jamii yoyote, na niliiacha hivyo kwa makusudi. Hiyo ni siku ya hamu, siku ya kujaribu kitu ambacho hatujawahi kupika. Mwanangu wa kwanza ameanza kuidai iwe yake. Ijumaa usiku anasimama mbele ya friji, anashika nyanya moja moja kuona iliyolainika, kisha ananiuliza, "Mama, hizi karoti zitafika Jumatatu?" Namwambia zitafika, lakini zile pilipili hoho hazitafika. Basi anazitoa zote, anazipanga mezani, anachukua kalamu.