Matairi ya pikipiki kubwa yanayodumu: nilivyoyapata nikiwa Mwanza

Wanaotoa ushauri wa matairi bila kuuliza pikipiki ina uzito gani wanakera kweli. Yangu ni Yamaha FJR1300. Ikiwa na mafuta inakaribia kilo 290, hapo sijapanda wala kufunga mzigo. Halafu mtu aliyezoea boksa, pikipiki ndogo nyepesi, anakuambia tairi ni tairi tu!

Tairi langu la nyuma lilipoliwa likawa bapa katikati huku pembeni likiwa zima, ushauri ulimiminika. Ulionikera kuliko wote ni wa kufunga tairi la gari dogo, eti linadumu zaidi. Kudumu linadumu, sikatai. Lakini pikipiki inakata kona kwa kulala, ndiyo maana tairi lake ni la mviringo. La gari ni bapa, ukilala unabaki umesimamia ukingo wake, na halikutengenezwa kushika rimu ya pikipiki. Msikubali hilo hata mkipewa bure.

Vipimo vyangu ni 120/70 ZR17 mbele na 180/55 ZR17 nyuma. Nyuma someni pia 73W: 73 ni kilo 365 ambazo tairi linabeba, W ni kasi hadi kilomita 270 kwa saa. Hapo bado hujamaliza, maana baadhi ya viwanda vina toleo la pikipiki nzito lenye kiunzi, yaani umbo la ndani linalobeba mpira, kigumu zaidi. Nililolitaka ni Michelin Road 5 GT, ambalo mpira wake ni mgumu katikati na laini pembeni. Huku kwetu, ukishapita Magu kuelekea Lamadi, lami imenyooka na jua ni kali, tairi linaliwa katikati.

Mjini nilipata duka lenye saizi yangu, bei nzuri ajabu. Tairi linang'aa, manyoya ya mpira bado yamesimama.

"Kaka, hili jipya, halijaiona barabara."

Ni kweli lilikuwa halijaiona. Nikatafuta maandishi ya DOT, yale ya ubavuni ambayo tarakimu zake nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Upande wa nje yalikuwepo, lakini tarakimu nne za mwisho hazipo, kwa sababu mara nyingi tarehe hupigwa upande mmoja tu. Nikaomba aligeuze, akasema litachafuka. Nikaligeuza mwenyewe, nikafuta vumbi kwa kidole gumba, kikajitokeza kidirisha kidogo: 2213. Wiki ya 22, mwaka 2013! Nikalikunja kwa mikono miwili, na chini ya mfereji vikafunguka vijinyufa vyembamba kama mistari ya kiganja. Nikamwonyesha. Akashusha bei papo hapo. Nikamwachia tairi lake.

Niliagiza Nairobi, mzigo ukaja kwa basi kupitia Sirari. Sikutuma hela kabla ya kupigiwa picha ya zile tarakimu nne. Jozi, usafiri na mengineyo vilifika milioni na ushee.

Kufunga nilifunga nyumbani, maana mashine za magari zinakwangua rimu. Tairi la zamani lilikuwa limeng'ang'ania rimu, nikalilaza chini ya Land Cruiser ya jirani, nikaweka jeki kati ya ukingo wa tairi na chesesi ya gari, nikapandisha taratibu hadi likaachia. La jipya, maji ya sabuni tu na kufuata mshale wa uelekeo wa kuzunguka. Kubalansi nilipitisha ekseli kwenye gurudumu, nikaiegesha juu ya stuli mbili. Sehemu nzito ikashuka yenyewe, nikabandika vipande vya uzito vya madini ya risasi upande wa juu, hadi gurudumu likatulia popote nilipoliacha. Naringa nalo hilo.

Upepo msimwachie fundi akisie. Mmoja wa Igoma alitaka kunipunguzia hadi PSI 30 "lisidunde". Fuateni namba za kitabu cha pikipiki, tairi likiwa la baridi. Upepo ukipungua chini ya uzito huu tairi linajikunja, linachemka, linaisha. Mimi napima asubuhi kabla ya kuwasha.

Lile la zamani liliisha kabla ya kilomita elfu kumi. Hili limeshapita hapo, na vialama vya kuisha ndani ya mifereji bado viko chini kabisa.