Siku moja na ripoti za korosho, Mtwara

Saa 2:00 asubuhi. Minada imeanza, na bosi anataka kilo zilizopokelewa kila ghala. Data ziko sehemu tatu: mizani huandika kwenye hifadhidata ya MySQL, uhasibu uko kwenye nyingine, SQL Server, makarani wa Newala na Tandahimba hutuma Excel kwa WhatsApp. Power BI, programu ya kutengeneza ripoti, izisome zote.

Saa 3:00. MySQL inagoma kuungana na Power BI, ingawa seva yenyewe iko hewani. Usikimbilie nenosiri, pima kwanza poti 3306, mlango wa mtandao wa MySQL. Ikiwa imefungwa, angalia fayawoli, kisha bind-address, mpangilio wa anwani ambayo seva inasikiliza: ikiwa 127.0.0.1, seva inajisikiliza yenyewe tu. Mtumiaji wa ripoti apewe SELECT, ruhusa ya kusoma, basi. Kutumia root, akaunti yenye mamlaka yote, ni kumwachia mpita njia funguo za ghala.

Saa 4:30. DSN ya ODBC, yaani maelezo ya muunganisho yaliyohifadhiwa kwa jina kwenye Windows, ipo lakini Power BI ya biti 64 inaikataa, kwa sababu dereva ni ya biti 32. Windows nayo ina vituko: zana ya ODBC ya biti 64 iko System32, ya biti 32 iko SysWOW64. Tengeneza System DSN (ya kompyuta nzima), si User DSN (ya mtumiaji mmoja); jioni utajua kwa nini.

SQL Server: poti 1433, dakika kumi, imekwisha.

Saa 8:00 mchana, baada ya wali samaki. Excel ndiyo hula siku. Karani kaandika 03/11, yaani tarehe 3 Novemba. Kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani inasoma Machi 11. Tarehe 13 na kuendelea hutoa kosa, afadhali hizo. Hatari ni tarehe 1 hadi 12, zinageuka kimyakimya. Kwenye Power Query, sehemu ya Power BI ya kusafisha data, badilisha aina ya safu kwa kuchagua mpangilio wa Uingereza. Stakabadhi namba 004512 nayo inabaki 4512, haioani tena na ya MySQL. Futa ile hatua ya kubadilisha aina inayojiweka yenyewe, weka maandishi. Kama sifuri zilishapotea ndani ya Excel, zirudishe kwa fomula ya Text.PadStart, tarakimu 6.

Saa 11:00 jioni. Getiwei, programu inayopeleka data za ofisini kwa Power BI ya mtandaoni, inasakinishwa kwenye kompyuta isiyolala, yenye UPS (betri ya akiba). Inatumia akaunti yake, haioni User DSN ya mtu. Iundie System DSN kwa jina lilelile, herufi kwa herufi. Na TODAY(), fomula ya tarehe ya leo, mtandaoni hufuata UTC, iliyo nyuma ya Tanzania kwa saa tatu: kuanzia saa 6 usiku hadi saa 9 usiku, ripoti bado iko jana.

Kabla ya kuituma, jumla ya ghala moja inalinganishwa na kitabu cha karani. Imepishana kilo 80: gunia moja limeandikwa mara mbili, kitabuni.