Na mimi huchekeshwa, jamani
Nina baipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi. Nikiwa juu silali, naongea kama chiriku, na pesa hazikai mkononi. Nikishuka, hata kupiga mswaki ni kazi. Natumia lithiamu, dawa isiyotaka mchezo: lazima nipimwe damu mara kwa mara, maana ikizidi mwilini inageuka sumu.

Kinachoniudhi ni watu. Nikicheka kwa sauti tu, "Umekunywa dawa leo?" Aa!

Dada yangu ndiye anayenielewa. Anakuja, anaosha vyombo bila kuhubiri, ananisindikiza kliniki na kukaa nami kwenye foleni. Akiona usingizi umeanza kunipotea, anampigia daktari mapema. Tulikubaliana hivyo nikiwa nimetulia. Kadi yangu ya benki pia anaichukua yeye, hata ninune vipi.